Chupa inayotupwa Kadutu inafika wapi? Kwa nini komini za Bukavu zinahitaji mpango mmoja wa taka

Wakati umeme unakatika Bukavu nyuma ya mvua kubwa, watu wengi wanalalamikia SNEL. Lakini mara nyingine sababu inaelea juu ya maji: machupa ya plastiki, masashe, bido zilizopasuka, kandambili. Takataka hiyo inakusanyika mbele ya baraji ya Ruzizi ya kwanza, inaziba vyuma vinavyokinga mashine, na maji yanakosa njia ya kufika ku turbini. Hapo mashine inasimamishwa, wafanyakazi wanaingia na mashua, wapiga mbizi wanashuka, na uchafu unatolewa kwa mikono. Kisha mvua nyingine inanyesha.

Ili kuelewa namna ya kumaliza shida hii, inafaa kufuata safari ya chupa moja. Muji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima vinavyotelemka ziwani. Mtu wa Kadutu akitupa chupa ndani ya mtaro, mvua inaisukuma hadi mto Kawa, na Kawa inaimwaga ndani ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, ni mto Ruzizi, pale pale Bukavu ku mpaka na Rwanda. Ruzizi ya kwanza, inayofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, ina uwezo wa megawati 29.8. Chini yake kuko Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, yenye megawati 43.8, ambayo umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Na mto unaendelea kushuka mpaka Ziwa Tanganyika, kwa ndugu wa Uvira na Bujumbura.

Kwa hiyo chupa haijui mpaka wa komini. Ibanda inaweza kufagia vizuri mwaka mzima, lakini kama mitaro ya Kadutu na Bagira imejaa, ziwa litapokea tu.

Si kusema kwamba watu wamekaa bure. Kuko salongo ya Jumamosi. Kuko mashirika ya vijana yanayopita nyumba kwa nyumba kuchukua uchafu kwa malipo ya mwezi, na wengine wanaookota plastiki na kuigeuza kuwa vikapu au matofali ya kupanga chini. Kazi hiyo inastahili heshima. Shida ni kwamba kila mmoja ana bei yake, siku yake, na eneo lake dogo. Asiyeweza kulipa anangojea usiku, anamwaga ndani ya mtaro. Na hata uchafu wa salongo, mara nyingi unatolewa mtaroni na kuachwa pembeni ya barabara. Mvua inaurudisha kule kule.

Tena kuko hesabu ya uzito, na hapa ndipo mpango mmoja unaonyesha faida yake. Chupa tupu ya maji ina uzito wa gramu 20 hivi, au chini ya hapo. Kupata tani moja, inaomba chupa 50,000. Kiwanda kinachonunua plastiki hakiwezi kutuma lori kwa ajili ya mifuko sita ya shirika moja la mtaa. Kinataka tani nyingi, tena kila mwezi. Shirika dogo halifikishi. Komini tatu pamoja, zikiwa na depo moja na mashine ya kubana chupa, zinaweza kufikisha, na zinapata nguvu ya kujadili bei.

Mnunuzi anataka pia plastiki safi iliyochaguliwa. Chupa ya maji na bido ya mafuta si plastiki ya aina moja: hazitengenezwi sawa na haziyeyuki kwa joto sawa. Zikichanganywa, zote mbili zinapoteza bei. Sashe iliyopakaa maganda na mchuzi, hapo hakuna anayeitaka kabisa. Ndiyo sababu kuchagua kunapaswa kuanzia jikoni, kwa kanuni moja rahisi ambayo mama wa Bagira na mama wa Ibanda wanaijua sawasawa: mfuko wa vikavu, na mfuko wa vinavyooza. Kama leo Ibanda inasema mifuko miwili na Kadutu inasema mmoja, watu watachoka, na watakuwa na haki ya kuchoka.

Ule mfuko wa vinavyooza usidharauliwe. Mu miji yetu, sehemu kubwa ya uchafu wa nyumbani ni maganda ya ndizi, mabaki ya sombe, chakula kilichobaki. Inaweza kuwa mbolea ya mashamba, ama kukaushwa na kubanwa kuwa briketi za kupikia. Kila gunia la briketi ni gunia la makala ambalo halikutoka ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega.

Wengine watasema: sashe zimekwisha kukatazwa. Ni kweli, dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kuzitengeneza, kuziingiza, kuziuza na kuzitumia. Rwanda ilikataza tangu 2008, na anayevuka mpaka anajua namna sashe inavyochukuliwa pale. Huku kwetu dekreti iko, na sashe ziko sokoni.

Mpango mmoja si lazima uwe kampuni moja. Ungekuwa kosa kufukuza vijana wanaofanya kazi hii leo. Wapewe mitaa, bei inayojulikana, na depo ya kupeleka mzigo. Lakini swali gumu ni pesa. Kinshasa ilikuwa na mradi wa usafi ulioitwa PAUK, uliolipiwa na Umoja wa Ulaya. Ulipofika mwisho mu 2015, takataka zikarudi kurundikana barabarani.

Kwa sheria ya ugatuzi ya 2008, muji na komini kila kimoja kina bajeti yake. Wakubwa wanabadilika, wakaaji wanabaki, na wana haki ya kuuliza ofisi ya komini yao: mwaka huu ni franka ngapi zimeandikwa kwa ajili ya takataka, nani anazishika, na uchafu unaotolewa unapelekwa wapi? Jibu hilo lipatikane mbele ya mvua za Septemba.