Chakula cha Vifaranga vya Samaki katika Nchi ya Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umejengwa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, umelala kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Dagaa wakavu hupandishwa sokoni kutoka Kirando na Kasanga. Jina hili la dagaa lataka hadhari. Dagaa wa Tanganyika si jamaa ya dagaa wa Ziwa Viktoria, bali ni wa ukoo mmoja na simu wa baharini; jina limefuata udogo wa samaki na namna ya kumkausha, wala halikufuata nasaba.

Dagaa huyo hula wanyama wadogo mno waeleao majini, ambao wataalamu huwaita planktoni, neno la Kigiriki lenye maana ya kutangatanga. Kiswahili hakina jina moja la kuwakusanya. Uduvi ni kamba wadogo, na viluwiluwi wamekwisha kuwa wa mbu na vyura. Katika Ziwa Tanganyika walio wengi ni kopepodi, wenye umbo la punje na vipapasi virefu. Usiku hupanda karibu na uso wa maji, na dagaa huwafuata. Ndipo mvuvi hupata faida ya taa yake.

Mwaka 2024 uvuvi wa ziwa hilo ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Katika miezi kama hiyo bwawa la kufugia huwa na thamani mpya. Lakini afugaye kambale hukutana na shida mapema. Kifaranga huanguliwa na kiini cha yai tumboni, nacho humlisha siku mbili tatu tu. Kikiisha, ana mdomo mwembamba na tumbo lisilokamilika, na chakula cha unga hakimfai sana. Hutaka kitu kidogo, laini, chenye kujongea mbele ya macho yake.

Kwa hiyo hufugwa wanyama wa kulishia wanyama. Rotifa na moina, jamaa ya viroboto wa maji, hupendwa kwa sababu majike huzaa bila dume na hujaza chombo kwa siku chache. Kopepodi ni bora kwa mafuta, ila hukua polepole na hujibadili gamba mara nyingi kabla ya kupevuka. Ndiyo maana wafugaji wengi humwacha.

Hapa ndipo penye kosa la watu wengi, wadhanio kwamba kila mdudu wa majini ni lishe sawa na mwenziwe. Protini ya moina yaweza kufika nusu ya uzito wake mkavu, na hilo ni jema. Lakini mafuta yake hutegemea alichokula. Wajapani waliliona hilo kwa hasara walipofuga samaki wa baharini. Rotifa waliolishwa hamira peke yake walizaliana vizuri, na vifaranga waliwala wakashiba, kisha wakafa kwa wingi. Walikosa asidi za mafuta za jamii ya omega-3, ambazo hamira haina. Rotifa walipolishwa mwani mdogo wa baharini, vifaranga wakapona. Tangu hapo imekuwa desturi kuwalisha rotifa mafuta yenye asidi hizo saa chache kabla ya kuwatoa. Wakikaa na njaa, hupoteza walichopewa.

Kambale, kama samaki wengi wa maji baridi, aweza kujitengenezea sehemu ya asidi hizo kutokana na mafuta ya mimea, hivyo hatari yake ni ndogo kuliko ya samaki wa baharini. Hata hivyo moina aliyetoka katika maji ya kijani yaliyorutubishwa kwa samadi, yenye mwani tele, ni chakula kingine kabisa kuliko moina wa hamira.

Ufipa ina kizuizi kingine, nacho ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai maji ya mabwawa hupoa, mwani hukua kwa uzito, na moina huzaa kwa kuchelewa. Mayai ya kambale nayo huchelewa kuanguliwa. Heri chombo cha moina kitangulizwe juma moja au mawili kabla ya mayai, na kiwekwe mahali papatapo jua, kwa maana kifaranga aliyekwisha kumaliza kiini chake hangojei.