Spika Yako, Ngoma za Jirani

Jumamosi mchana Dzaleka, kwa ile laini ya vinyozi upande wa soko. Kinyozi ameweka kaspika kake juu ya rafu ya kioo, amapiano inadunda, mteja ametulia kitini na shuka shingoni. Simu inaingia. Kinyozi anatoka nayo nje, anampita mama wa maandazi, anabonga huku akienda. Huko ndani ngoma inakata. Yule dem anaishi ndani ya maspika zote za China anatangaza kwa Kizungu cha puani ati yuko tayari. Kabla mteja apumue, kaspika kanaanza kumwaga kwaya, haleluya za nguvu, sauti hadi mwisho.

"Yaya, umeokoka lini?" dogo mmoja anamuuliza kinyozi akirudi pale mlangoni.

"Wee mtoto, nani ameshika spika yangu?"

Hakuna uchawi hapo, na hakuna msee ameiba kitu. Maspika za bei ya chini haziulizi pin. Zile za kitambo zilikuwa zinataka uandike 0000 ama 1234. Halafu 2007 ikakuja Bluetooth toleo la 2.1, na kifaa hakina skrini wala vitufe vya namba kikaruhusiwa kumkubali tu msee bila kumuuliza chochote. Kwa hivyo simu ya kinyozi ikishatoka nje ya zile mita kumi hivi, spika inabaki bila mwenyewe, na wa kwanza kugusa jina lake ndo anachukua. Na ka simu ya jirani ilishawahi kushikana nayo siku ingine, saa zingine haihitaji hata kuguswa. Inakumbuka, inajirusha yenyewe.

Hii stori iko kila mahali duniani, lakini Dzaleka ina uzito wake. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa 1994 hapa wilaya ya Dowa, Malawi, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe, ikapangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sai tuko zaidi ya 50,000, Wakongo ndo wengi, halafu Warundi, Wanyarwanda na wengine. 2023 serikali iliposema wakimbizi walio mijini warudi kambini, wasee walirudi na familia na bidhaa za maduka yao, na makeja ya matofali yakazidi kubanana. Ukuta wangu ndo ukuta wako. Watu hubonga sana kuhusu ardhi kujaa, na ni haki yao, lakini hewa nayo imejaa na hakuna mtu anaizungumzia.

Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4. Hapo hapo ndo waifai nyingi zinakaa, hotspoti za masimu zinakaa, rimoti na mausi zisizo na waya zinakaa. Ni masafa ya bure, hakuna leseni, kila kampuni duniani inajazana humo. Bluetooth ya kupiga ngoma imekata ile hewa mapande 79, na simu na spika yako zinaruka pamoja kutoka pande moja hadi lingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao hizo mbili zimekubaliana. Toka 2003 zilifunzwa hadi kukwepa mapande ambayo waifai imekalia. Akili ya ajabu, lakini jioni kila msee akirudi keja na kuwasha hotspoti, mapande ya kukimbilia yanapungua. Ndo maana ngoma iliyokuwa safi saa nane mchana inakatakata saa mbili usiku, na wewe unaanza kulaumu spika.

Usikimbie kwa fundi bado. Cheki kwanza mwili wako. Binadamu ni maji mengi, na maji yanameza hayo mawimbi. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na spika iko mbele yako, wewe mwenyewe ndo ukuta. Kwa Tumaini Festival, ile tamasha Menes La Plume, mshairi wa Kongo, alianzisha hapa 2014, jaribu kusikiza earpodi katikati ya umati, simu ikiwa ndani ya begi. Zitakata tu. Hamisha simu iende mfuko wa kifua ucheki tofauti. Halafu kuna ile mbinu ya mtaa ya kuingiza kaspika ndani ya sufuria ndo bezi ivume. Bezi inavuma, sawa, lakini umezungushia spika chuma pande zote na hapo umebakisha juu tu. Toa kwa sufuria, weka juu ya meza, mbali na mabati.

Sasa tufike kwa shida yenyewe, ile inaleta machozi. Spika inaonekana kwa simu. Imeandikwa imeoanishwa. Unagusa, inazunguka, inazunguka, halafu inakataa. Unagusa tena, inakataa. Msee mwingine anakuja na simu yake, inashika mara moja. Unaona ka umelogwa.

Kinachofanyika ni hivi. Siku ya kwanza simu na spika zilipokutana, zilikubaliana ufunguo wa siri, kila moja ikaweka nakala yake. Siku moja spika ikasahau: betri ilitolewa kabisa, ama mdogo wako alifinya vitufe hadi akairudisha kwa hali ya kiwandani, ama imeshikana na simu nyingi hadi nafasi ikaisha na ya kwako ikatupwa nje. Simu yako haina habari, bado inakuja na ufunguo wa zamani, ka chali ameachwa miezi mitatu na bado anajiita mtu wa boma. Spika inaangalia huo ufunguo na kusema sikujui.

Kuzima na kuwasha hakutasaidia hapo. Lazima ufute pande zote mbili. Kwa simu ingia setingi, Bluetooth, gusa kale kagia kando ya jina la spika, chagua kusahau. Halafu kwa spika, finya kitufe cha Bluetooth ama cha kucheza na ukishikilie, usiachilie haraka, hadi taa ianze kupepesa mbiombio ama yule dem aongee. Kila kiwanda kina kitufe chake, na zingine zinataka ufinye viwili pamoja. Wasee wengi hufanya upande wa simu peke yake, ikigoma wanasema imekufa. Mi nadhani nusu ya maspika zinaitwa zimekufa hapa mtaani ziko na afya kabisa.

Kabla hata ya hiyo, angalia kitufe cha M. Spika zetu ni redio, ni flashi, ni memori kadi, ni waya, ni Bluetooth, vyote kwa kaboksi kamoja, na M ndo inabadilisha. Ukiwa umeiacha kwa FM ukisikiza Yetu Radio, Bluetooth imelala na jina halitatokea kwa simu hata ungoje hadi asubuhi. Na ka kuna flashi imechomekwa, ukiwasha inaruka moja kwa moja kwa flashi. Toa flashi. Finya M hadi usikie tangazo. Dogo wa miaka tisa anajua hii kitu kuliko mbuyu wake, muite tu, na umuite kwa heshima.

Halafu kuna betri. Wengine wana stima ya ESCOM, wengine sola, wengine wanapeleka kuchaji dukani na kulipa. Mnakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la Kapichira, Malawi ikapoteza kama megawati 130 na giza likazoeleka. Spika ikichajiwa nusunusu siku zote, betri inachoka. Dalili yake ni hii: sauti ikiwa chini inacheza fiti, ukipandisha na bezi ikipiga dunda moja, inazima na kuwaka, dem anatangaza upya, simu inatafuta upya. Hiyo si shida ya Bluetooth. Bezi inavuta moto mwingi kwa mpigo, volti inaanguka, chip inajizima. Teremsha sauti, ama umpe fundi abadilishe seli ndani. Ndani ya nyingi ni seli moja tu ya duara, inafanana na ya tochi lakini imenona, na ni rahisi kuliko spika mpya. Mwambie fundi mapema shida ni betri, ndo asianze kukubadilishia bodi.

Lilongwe nako shida ina sura ingine. Mtu akienda kwa ndugu yake Area 25 anakuta keja ya saruji, ruta nyuma ya runinga, maikroweivu jikoni. Maikroweivu inapasha ugali kwa masafa ya karibu hayo hayo ya 2.4, na ikiwaka, earpodi zinakwaruza hadi chakula kiive. Ruta nyuma ya runinga ni kosa naliona kila nyumba: umeificha nyuma ya bamba la chuma na umeme halafu unalia chumbani hakuna waifai. Inyanyue, iweke wazi juu ya kabati. Na usinunue ruta mpya kabla hujajaribu hiyo.

Kuna hii ingine nayo: ndugu ana simu kali ya juzi, anakurushia hotspoti, simu yako ya kitambo haioni jina. Si roho mbaya. Hotspoti yake imewekwa gigahezi 5 na simu yako inajua 2.4 tu. Mwambie, "Kaka, naomba uteremshe bendi kwa setingi." Kwa iPhone kuna kitufe cha kuongeza uoanifu, kinafanya kazi hiyo hiyo. Ikishashika na bado hakuna kitu kinafunguka, cheki tarehe ya simu yako. Simu imelala siku kadhaa bila chaji inaweza kuamka ikidhani ni 1970, na tovuti nyingi hazitakufungulia, WhatsApp nayo itakugomea ati tarehe si sahihi. Rekebisha tarehe kabla hujapiga simu kwa Airtel ama TNM kuuliza bando limeenda wapi.

Earpodi za soko la Tsoka na kandokando ya barabara za Old Town nazo: sikio moja linaimba, lingine kimya. Kushoto na kulia zimepotezana. Zisahaulishe kwa simu, rudisha zote kwa boksi, futa zile nukta za shaba kwa kitambaa kikavu ju jasho na nta hufunika hapo na sikio moja linakosa chaji, halafu zitoe zote mbili kwa mpigo mmoja mbali na simu. Zikipatana zenyewe kwanza, ndo uunge simu. Saa janja nayo usiiunge kwa menyu ya Bluetooth. Nyingi zinataka programu yake, na simu za Android za miaka michache nyuma zinataka uwashe setingi ya mahali (location), la sivyo programu inatafuta bure.

Na filamu. Bando ni bei, kwa hivyo mtaa unarushiana kwa Xender, waifai ya simu kwa simu, haili data hata kidogo. Inakata katikati ju simu inayopokea inaona waifai haina intaneti, inajifanya mjanja, inahamia data. Zima data kwa simu zote mbili, zima VPN, washa mahali, na skrini ikiuliza ka ubaki kwa mtandao usio na intaneti, kubali. Kaeni karibu, mita mbili zatosha, na filamu ya gigabaiti moja itavuka kabla chai ipoe, bila kwacha hata moja.