“Betri Haichaji”: Haichajiwi, Haichajiki au Haitunzi Chaji?

Madhumuni ya makala haya ni kuchambua kauli iliyoenea katika ofisi na shule zetu, nayo ni “betri haichaji”. Husemwa juu ya kompyuta mpakato, yaani ile inayoweza kuwekwa mapajani kama apakatwavyo mtoto. Tumeichagua kwa sababu inafunika hitilafu tatu zilizo mbalimbali, na kila hitilafu ina dawa yake.

Tuchukue mfano wa Kondoa. Mwalimu akiandika katika fomu ya matengenezo kwamba betri haichaji, afisa ugavi huweza kuelewa kuwa betri imekufa, akaagiza mpya kwa fedha za umma, kumbe kilichoharibika ni waya. Au kompyuta itapelekwa Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 160, ikarudi na jibu kwamba betri ni nzima. Tena Kondoa na Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka humo, zina wasemaji wa Kirangi, Kiburunge, Kialagwa na Kisandawe, lugha zisizo za ukoo mmoja. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mwalimu, fundi na mtunza vifaa. Kikitumiwa kwa utata, wote watatu hupotea pamoja.

Hapana haja ya kubuni neno jipya. Neno chaji limekwisha kuota mizizi, na mnyambuliko wa vitenzi vyetu unatosha. Mlango haufunguliwi ikiwa hakuna aufunguaye. Mlango haufunguki ikiwa tunausukuma nao umekwama. Tofauti hiyo hiyo tuitumie hapa.

(a) Betri haichajiwi. Maana yake umeme haufiki. Dalili ni kwamba kompyuta hutumia akiba yake tu na huzimika inapokwisha, ijapokuwa chaja imechomekwa. Kwanza soketi ijaribiwe kwa kifaa kingine. Kisha zitazamwe plagi, waya na tundu la kuchomekea, kama kuna palipolegea au kukatika. Chaja hupokea umeme wa volti 230 wa ukutani na kuupunguza, mara nyingi hadi volti 19 au 20. Anayeazima chaja nyingine asome kibandiko chake: volti ziwe sawa na zinazotakiwa na kompyuta, na ampea zisipungue.

(b) Betri haichajiki. Hapa umeme unafika, na kompyuta hufanya kazi kwa umeme wa ukutani, lakini kiwango cha chaji hakipandi. Sababu ni nyingi. Huenda kompyuta imewekewa mpaka, kwa mfano asilimia 80, ili betri idumu. Hiyo si hitilafu. Huenda chaja ni dhaifu, ya wati 45 mahali panapotakiwa 65. Huenda joto limezidi, maana betri nyingi za ioni za lithiamu huzuiwa zisipokee chaji joto lake lipitapo nyuzi 45 hivi za Selsiasi. Basi mtumiaji aangalie mpangilio wa kompyuta, aiache ipoe kivulini, kisha aizime na kuiwasha upya. Yasipofaa hayo, ndipo amwite fundi.

(c) Betri haitunzi chaji. Hii hujaa hadi asilimia 100, lakini huishiwa upesi mara chaja inapoondolewa. Huo ni uzee. Betri nyingi za aina hii huanza kupungua nguvu kwa dhahiri baada ya kujazwa na kumalizwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Hapa ndipo ombi la betri mpya linapokuwa la haki.

Kauli nyingine ya kutahadhari nayo ni “betri ina moto”. Kwa mafundi wengi, moto ni umeme. Kwa hiyo waya wenye moto ni waya unaopitisha umeme. Lakini msomaji wa kawaida ataelewa kuwa betri imepata joto. Mfasiri wa maelekezo ya usalama asiliache jambo hili kwenye bahati. Aandike “betri ina chaji” au “betri ina joto kali”, kila moja mahali pake. Betri iliyovimba imejaa gesi na huweza kulipuka au kuwaka. Isichajiwe, isitobolewe, wala isibonyezwe. Kompyuta izimwe, na fundi aitwe.

Tunapendekeza basi kwamba fomu za matengenezo ziache nafasi ya kauli hizi tatu: haichajiwi, haichajiki, haitunzi chaji. Walimu nao wanaweza kuzitumia darasani kama mfano wa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Kazi ya istilahi si kuongeza maneno tu, bali kumwezesha asomaye ripoti kujua, kabla hajatoa fedha, ni kitu gani hasa kilichoharibika.