Fumbo la Pampu ya Broad Street

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka kwa ghafula katika mtaa wa Soho, jijini London. Kwa muda wa siku 10 watu zaidi ya 500 walifariki. Matabibu wengi wa zama zile waliamini kwamba ugonjwa huo huenezwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow alikuwa na fikra nyingine. Yeye aliyashuku maji ya pampu iliyokuwa Broad Street, kwa kuwa vifo vingi vilitokea karibu nayo.

Lakini mambo mawili yalionekana kumpinga. Kwanza, karibu na pampu hiyo palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa kipindupindu. Pili, mjane mmoja aliyekaa Hampstead, maili kadhaa kutoka hapo, aliugua na kufa, ingawa alikuwa hajafika Soho kwa miezi mingi. Je, yawezekanaje walio karibu wasalimike na aliye mbali afe? Msomaji na atafakari kidogo kabla ya kuendelea.

Kama hewa ndiyo iliyoua, fumbo hili halina jawabu, maana wafanyakazi wale walivuta hewa ile ile ya jirani zao, na mjane hakuivuta. Snow alichunguza walikunywa nini. Wafanyakazi walipewa bia, ambayo maji yake huchemshwa inapotengenezwa. Tena kiwanda kilikuwa na kisima chake chenyewe. Naye mjane aliyapenda mno maji ya Broad Street, akawa akiletewa chupa kubwa kwa gari. Mpwa wake aliyemtembelea aliyanywa pia, naye akafa.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwani wakazi wengi walikuwa wamehama. Mwaka 1855 iligunduliwa kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia katika kisima cha pampu ile.

Hivyo mambo mawili yaliyoonekana kumpinga Snow ndiyo yaliyompa ushahidi ulio bora. Hata leo, wanafunzi wa bweni wakiumwa tumbo, haitoshi kuwauliza wagonjwa walikula nini. Yapasa kuwauliza pia waliosalimika ni kitu gani ambacho hawakukila.