Tope Linaloshika: Je, Uhai Ulianzia Kwenye Udongo?

Mvua ndefu zikianza kunyesha Tuwan, mjini Kitale, tope huganda kwenye viatu mpaka mtu ahisi amebeba shamba zima. Tabia hiyo ya kushika ndiyo iliyowafanya wanakemia kuushuku udongo wa mfinyanzi kwamba ulikuwa mkunga wa uhai.

Udongo huo ni mwamba uliooza. Lava na majivu ya volkano kama Mlima Elgon hulowa, huliwa na maji, kisha hubaki vijibamba vyembamba mno. Katika udongo mwekundu wa Kitale na Bungoma vingi ni vya kaolini, jamii moja na odowa wanayotafuna akina mama wajawazito. Katika udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, hukaa montimorilonaiti. Gramu moja tu ya madini haya, vijibamba vyake vyote vikitandazwa, hufunika mita za mraba 700 hivi: zaidi ya ploti ya futi 50 kwa 100!

Hapo ndipo penye siri. Mwaka 1947 mwanasayansi J. D. Bernal alieleza kwamba katika bahari ya kale molekuli zingetawanyika mno zisikutane. Udongo ungezinasa na kuzikusanya pamoja. Mwanakemia Graham Cairns-Smith wa Glasgow alithubutu zaidi, akadai fuwele za udongo zenyewe ndizo zilizokuwa jeni za kwanza. Wazo linavutia, ila ushahidi wake haujaonekana.

Wazo la Bernal limepata nguvu maabarani. Mwaka 1996 kundi la James Ferris, Marekani, liliweka nukleotidi, vijenzi vya RNA (molekuli inayobeba taarifa za urithi), juu ya montimorilonaiti na kuongeza nyingine kila siku. Zikaungana kuwa nyuzi za vijenzi zaidi ya 50. Kweli, nukleotidi hizo zilikuwa zimeandaliwa kwa kemikali ili ziungane kwa urahisi, na namna maumbile yalivyoweza kuziandaa bado inatafutwa.

Mwaka 2003 mwanasayansi Jack Szostak na wenzake wakachanganya udongo uleule, ulionaswa na RNA, na asidi za mafuta. Vifuko vyenye utando kama wa seli vilijiunda karibu mara 100 haraka zaidi kuliko bila udongo, na ndani ya baadhi ya vifuko hivyo zilionekana chembe za udongo, RNA ikiwa bado imezing'ang'ania.