Kwa Nini Daktari wa Ng'ombe Ni Ghali Usiku, na Vile Unaweza Kujipanga Mapema

Kuna pesa ambayo mfugaji hutuma huku roho ikimuuma: ile ya daktari wa ng'ombe aliyeitwa saa saba usiku. Mchana kazi hiyo hiyo ingekuwa nafuu. Usiku bili imepanda, wakala amefunga duka, salio kwenye simu ni shilingi mia mbili, na ng'ombe amelala chini hataki kuinuka. Saa hiyo hakuna mtu ana nguvu ya kupatana bei.

Lakini kuna jambo moja wengi hatulitilii maanani. Shida nyingi kubwa za ng'ombe wa maziwa hutokea karibu na siku ya kuzaa, na siku hiyo inajulikana miezi tisa kabla. Kwa hivyo dharura yako inaweza kuwa na tarehe. Kitu chenye tarehe unaweza kukiwekea pesa pole pole. Leo tuangalie bili ya usiku inatoka wapi, na vile unaweza kuilipa bila kuuza mbuzi.

Bili ya usiku imebeba nini?

Bili ya daktari wa mifugo ina sehemu tatu: ada ya kuja, usafiri, na dawa. Tuchukue mfano wa hesabu. Bei hutofautiana kutoka eneo moja hadi lingine, kwa hivyo weka zako za kwenu.

- Mchana: ada ya kuja 1,000, usafiri 500, dawa 1,800. Jumla ni shilingi 3,300.
- Usiku: ada ya kuja 2,500, usafiri 1,200, dawa 1,800. Jumla ni shilingi 5,500.

Umeona dawa haijabadilika? Chupa ya kalsiamu ni ile ile. Kinachopanda ni ada na usafiri. Usiku daktari anaamka, anapanda piki piki kwenye barabara ya matope peke yake, na kesho asubuhi ana wagonjwa wengine wanamngoja. Agroveti nazo zimefungwa, kwa hivyo dawa anayokuja nayo ni ile aliyoinunua mapema na pesa yake na kuihifadhi nyumbani, hata kama haijulikani itatumika lini.

Kuna sehemu ya nne ambayo haiandikwi popote: maziwa utakayomwaga. Ng'ombe akidungwa antibiotiki, maziwa yake hayafai kuuzwa wala kunywewa kwa siku kadhaa, kulingana na dawa. Muulize daktari ni siku ngapi, na uziandike. Ng'ombe wa lita kumi kwa siku, bei ya shilingi 45, akikaa siku nne, ni shilingi 1,800 nyingine.

Mbona serikali hailipi?

Wazee wanakumbuka wakati daktari wa mifugo alikuwa mtu wa serikali na huduma ilikuwa ya bei ya chini sana. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 serikali iliacha kuajiri moja kwa moja kila daktari wa mifugo anayehitimu, na kazi ya matibabu ikaenda pole pole kwa watu binafsi. Katiba ya 2010 ikaweka huduma za mifugo chini ya kaunti. Kaunti zinafanya kazi kama chanjo na ukaguzi wa nyama, lakini yule anayekuja boma lako usiku mara nyingi ni mtu aliyejiajiri. Usipomlipa, hana mshahara mwingine wa kufidia.

Na ng'ombe hana SHA. Bili yote ni ya mwenyewe.

Ni lini uite usiku, na ni lini ungoje asubuhi

Ukingoja wakati haifai kungoja, unapoteza mnyama ambaye akiwa mzuri huuzwa zaidi ya shilingi laki moja. Ukiita wakati ungengoja, umelipa ada ya usiku bure. Hizi tatu hazingoji:

Ya kwanza ni kuzaa kwa shida. Chupa ya maji imepasuka, ng'ombe anasukuma kwa nguvu, na baada ya saa moja au mbili hakuna kinachosonga. Au unaona mkia badala ya miguu, au mguu mmoja pekee. Usifunge kamba ukaita vijana wa kijiji wavute. Ndama anaweza kufa na mama akaumia ndani.

Ya pili ni homa ya maziwa. Huja mara nyingi ndani ya siku tatu baada ya kuzaa, hasa kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi. Anayumba, analala, masikio yanakuwa baridi, anakunja shingo kuelekea ubavuni. Damu yake imepungukiwa na kalsiamu kwa sababu sehemu kubwa imekimbilia maziwa. Daktari huweka kalsiamu kwenye mshipa pole pole, kwa kuwa ikiingia haraka moyo unaweza kusimama. Ndio maana hii si kazi ya jirani mwenye sindano. Na usimnyweshe kitu kwa nguvu akiwa amelala, kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Ya tatu ni kufura tumbo. Upande wa kushoto unajaa kama ngoma, anahema, anatoa ulimi. Hutokea sana akila lusani au majani mabichi yenye umande, au akikwamwa na kiazi kooni. Hii inaweza kuua ndani ya saa chache.

Zingine, kama kuchechemea kidogo au kondo la nyuma ambalo halijatoka usiku wa kwanza, mara nyingi zinaweza kufika asubuhi. Lakini usiamue peke yako. Piga simu, eleza unachokiona, tuma hata picha, na umwache daktari aamue. Kredo ya shilingi kumi inaweza kukuokolea ada ya safari nzima.

Na kuna ujanja mmoja wa bure: mwangalie ng'ombe saa kumi jioni, si saa nne usiku. Ng'ombe ambaye amekataa chakula jioni, au ambaye tezi chini ya sikio zimevimba na mwili una moto, anaweza kuwa ameanza ndigana inayoletwa na kupe. Ugonjwa huo hutibika vizuri zaidi ukishikwa mapema. Ukiita saa kumi na moja jioni, daktari anapitia kwako akielekea nyumbani, na pengine unalipa bei ya mchana.

Hesabu ya siku 283

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi. Siku ambayo mtu wa kupandisha amekuja na mbegu, anakuachia karatasi yenye tarehe. Ichukue hiyo tarehe, hesabu siku 283 mbele, na uiweke kwenye kalenda ya simu yako. Sasa anza kuweka kando shilingi 20 kila siku.

20 mara 283 ni shilingi 5,660. Ukirudi kwenye mfano wetu wa juu, hiyo ni bili nzima ya usiku, na inabaki kidogo.

Shilingi 20 ni chini ya bei ya nusu lita ya maziwa. Ukingoja uwe na elfu tano kwa mkupuo, haitapatikana, maana karo na mbolea zitafika kwanza. Ng'ombe akizaa salama bila daktari, hujapoteza chochote. Pesa ni yako, inangoja mimba ijayo.

Kuna kosa moja la kuepuka. Usiweke pesa hii kwenye akiba iliyofungwa mpaka tarehe fulani. Akiba ya kufunga ni nzuri kwa karo, lakini ndama hangoji tarehe ya benki. Tumia akiba ambayo unaweza kuitoa saa yoyote, ila ikae mbali na salio lako la kila siku ili isiishie kwenye sukari na unga.

Kama mko majirani kumi wenye ng'ombe, fanyeni chama. Kila mtu shilingi 100 kwa mwezi ni 12,000 kwa mwaka, na aliyepatwa anakopa bila riba na kurudisha maziwa yakilipwa. Faida kubwa zaidi ni kwamba mkiwa kumi mnaweza kukaa na daktari mmoja mchana, mkakubaliana ada ya usiku mapema na kuiandika. Mteja mmoja anayelia usiku hana sauti. Boma kumi zina sauti.

Mkopo wa simu na bima: zinasaidia wapi?

Mkopo wa simu ni wa haraka, na usiku mwingine ndio utakaomwokoa ng'ombe. Tusiufiche ukweli lakini: una gharama. Tuseme umekopa 5,500 na ada ni asilimia 8 kwa siku 30. Utarudisha 5,940. Ukichelewa, ada inaongezeka na jina lako linaweza kuharibika kwa wakopeshaji. Kwa hivyo kopa tu kile ambacho akiba haijafikia. Kama una 4,000, kopa 1,500.

Bima ya mifugo nayo ipo, na kampuni kadhaa huuza. Soma vizuri kabla ya kulipa. Kwa kawaida bima hii hulipa ng'ombe akifa kwa sababu zilizotajwa kwenye mkataba. Bili ya matibabu mara nyingi haimo. Pia kampuni huuliza kama mnyama alitibiwa na daktari aliyesajiliwa, na ushahidi uko wapi. Hapo ndipo kulipa kwa simu kunakusaidia: kila malipo yana SMS yenye tarehe, saa na jina.

Lipa usiku bila kuibiwa

Mtu aliyeshtuka ni rahisi kulaghaiwa. Zingatia haya:

- Hifadhi namba mbili za madaktari sasa hivi, mchana. Usiombe namba kwenye kikundi cha WhatsApp usiku wa manane. Mlaghai anaweza kujibu kwanza, akaomba pesa ya mafuta, kisha azime simu.
- Hakikisha amesajiliwa. Kisheria, daktari wa mifugo na msaidizi wake lazima wawe na usajili na leseni kutoka Kenya Veterinary Board. Mwombe akuonyeshe. Mtu halali hakasiriki.
- Kubalianeni bei kabla hajatoka kwake. Muulize mambo matatu: ada ya kuja ni ngapi, usafiri ni ngapi, na dawa itakuwa kati ya ngapi na ngapi. Kumtumia pesa ya mafuta mapema si vibaya kama unamjua. Zingine mlipe akimaliza kazi.
- Kama ana till namba, tumia hiyo. Jina la biashara litatokea kabla hujathibitisha. Lisome. Ukituma kwa namba isiyo yake, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatolewa upande wa pili.
- Andika PIN yako mwenyewe. Hata kama mikono iko ndani ya ng'ombe, usimpe mtu PIN akulipie. Sisi wenyewe hatuwezi kukupigia kukuuliza.
- Mwombe akuandikie jina la ugonjwa, dawa aliyotumia, na siku za kutouza maziwa. Piga picha hiyo karatasi na uihifadhi pamoja na SMS ya malipo.

Wenye mbwa na paka mjini, haya yanawahusu pia. Kliniki zinazofungua usiku ni chache, na zinalipa wafanyakazi wa zamu hata usiku usio na mgonjwa, kwa hivyo ada ya kumwona daktari huwa juu. Mbwa akila sumu ya panya, usingoje aanze kutoka damu. Piga simu kliniki, uliza kama wako wazi na bei ni gani, na ubebe paketi ya sumu hiyo ili daktari ajue cha kutibu.

Fanya hivi leo kabla ya kulala

1. Tafuta karatasi ya kupandisha na uweke tarehe ya kuzaa kwenye kalenda ya simu. Weka kengele wiki mbili kabla.
2. Hifadhi namba mbili za madaktari waliosajiliwa, na uwaulize ada yao ya usiku.
3. Fungua sehemu ya akiba kwenye menyu yako, uipe jina la ng'ombe wako, na uweke shilingi 20 ya kwanza.
4. Wiki ya kuzaa, weka pesa kwa wakala kabla hajafunga, chaji simu, na uwe na kredo.

Kama una swali kuhusu kufungua akiba au kurudisha pesa iliyotumwa vibaya, tupigie. Laini ya huduma kwa wateja iko wazi mchana na usiku, na kwa hiyo hatutozi ada ya usiku.