Kijiko cha kimea ndani ya sufuria ya uji

Uji wa mtama una shida ambayo akina mama wa Chamwino na Mpwapwa wanaijua vizuri. Ukitia unga wa kutosha, unakuwa mzito na mtoto mchanga anashindwa kuumeza. Ukizidisha maji unamezeka, lakini tumbo lile dogo linajaa maji.

Sasa chukua kijiko cha unga wa kimea, yaani mtama uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Ukoroge kwenye uji mzito uliopoa kidogo. Baada ya dakika chache uji unalegea hadi unanyweka, na hukuongeza hata tone la maji.

Kazi hiyo imefanywa na amilesi, kimeng'enya ambacho punje hukitengeneza inapochipua ili imege wanga wake na kulisha mche. Wanga ni minyororo mirefu. Ukipikwa huvimba na kushika maji. Amilesi huikata minyororo hiyo ikawa vipande vifupi na sukari, na uji hauna tena cha kuushikilia. Ikishakata hapa huhamia pale, yenyewe haipungui, na ndiyo maana kijiko kinatosha sufuria nzima.

Bila amilesi wanga ungevunjika pia ndani ya maji, ila kwa muda mrefu mno. Amilesi ni kichocheo, na kichocheo hupunguza tu nishati inayohitajika ili badiliko lianze. Ni kama reli ya kati kutoka Kilosa, inavyofuata bonde la mto Mkondoa hadi Gulwe badala ya kukwea milima: kituo ni kilekile, mpando ndio umepungua.

Mwaka 1833, huko Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz walikitenga kimeng'enya hiki kutoka kwenye kimea cha shayiri. Mwaka 1835 Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi aliweka kimea na madini ya platini katika kundi moja la vichocheo. Wapika pombe wa Ugogo hawakumsubiri. Pombe ya mtama haipikiki bila kimea. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na wenzao wa Uswidi, waliupima uji wa kimea na kuujaribu kijijini Luganga, Iringa. Kwangu mimi, mwalimu wa kemia wa Dodoma anayefundisha vichocheo bila sufuria ya uji anajinyima bure.

Ukitaka kujaribu nyumbani, zingatia mambo mawili. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayozalisha sianidi, ambayo ni sumu, hivyo pukuchua mizizi na machipukizi yote kabla ya kusaga. Na usitie kimea kwenye uji unaotokota, kwani joto hilo huharibu kimeng'enya. Subiri upoe kidogo, tia, koroga mpaka ulegee, kisha uchemshe tena kuua vijidudu ndipo umpe mtoto.